Albamu Iliyolala Chini ya Kwaya

Nauza kava za simu. Nalisema mapema ili mtu asidhani anasoma maneno ya mwanamuziki au mtangazaji wa redio. Nauza kava, chaja, hedifoni na protekta kwenye fremu moja nyembamba ya duka karibu na stendi ya Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na vumbi la malori ya pande zote mbili huishia kwenye kioo changu. Kabla ya kava, fremu hiyo hiyo ilikuwa ya kurekodi kaseti. Watu wazima wa mji huu wananikumbuka kwa kaseti, vijana wananijua kwa kava, na mimi siku hizi sina hamu na kimojawapo.

Mwaka huu, mvua zikielekea kuisha, aliingia binti mmoja dukani akanisalimia shikamoo baba mdogo. Nikaitikia marahaba kabla sijamtambua vizuri. Halafu nikaliona lile paji la uso, nikajua. Baba yake alikuwa rafiki yangu, tulikua pamoja, na alifariki mwezi mmoja kabla ya binti huyu kuzaliwa. Tangu msiba ule nilikuwa nimemwona mara tatu au nne tu, akiwa mdogo, na kila mara nilitafuta sababu ya kuondoka mapema.

Alinieleza shida yake akiwa amesimama, maana kiti changu kimoja kilikuwa na boksi. Anafanya kazi Njombe kwenye banda la kupanga maparachichi ya kusafirishwa. Amechumbiwa. Sendoff, sherehe ya kumuaga, imepangwa, ukumbi umeshalipiwa, na ratiba ya mshereheshaji ina kipengele cha nasaha za baba. Wajomba wamejitolea, baba wakubwa wamejitolea, yeye amewakatalia wote. Mama yake amemwambia kwamba marehemu alirekodi albamu ya hip hop, na kwamba wimbo mmoja ndani yake aliuimba kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Yaani kwa ajili yake.

"Nataka ule wimbo upigwe pale baba anapotakiwa kusimama," alisema. "Mama anasema wewe ndiye unayo."

Nikasema, "Ninayo."

Sijui kwa nini nilisema vile. Au najua, ila sipendi kulisema. Nilikuwa nimezoea kudanganya kuhusu albamu ile tangu kabla yeye hajazaliwa, na mdomo ulifuata njia yake ya kawaida. Akashukuru, akaacha namba ya simu, akaondoka na gari la abiria la saa saba. Mimi nikabaki nimeshika chaja ya mtu mwingine ambaye alikuwa ananiuliza kwa mara ya tatu kama ni orijino.

Sasa niiseme albamu yenyewe, maana hakuna mwingine atakayeisema. Wale wanaoandika historia ya muziki wa kizazi kipya huanzia Dar es Salaam, wakajitahidi sana wanafika Arusha, wakichoka wanamalizia Mwanza. Huku kwetu hawafiki, na wakifika ni kwa ajili ya viazi. Kwa hiyo hawajui kwamba hapa Makambako, kwenye chumba cha uani kilichotandikwa magunia ukutani ili kuzuia mwangwi, ilirekodiwa albamu ya nyimbo nane ambayo mimi hadi leo sijasikia ya kuizidi kwa Kiswahili. Msinibishie. Nimerekodi kaseti za kila aina kwa miaka mingi, nimesikia wazuri na wabovu, na masikio yangu hayana undugu na mtu.

Rafiki yangu alikuwa mpasua mbao. Wakati ule, kule Matembwe na vijiji vya Lupembe, bado kulikuwa na watu wanaopasua kwa msumeno wa watu wawili: gogo linapandishwa juu ya jukwaa la miti, mmoja anasimama juu, mwenzake anasimama chini akipokea unga wa mbao usoni. Yeye alikuwa wa chini. Alisema kazi ile ndiyo iliyomfundisha kuchana mistari ya hip hop. Msumeno ukivutwa chini unapumua mara moja, ukipandishwa unapumua mara ya pili, na mtu wa chini akitaka kuzungumza lazima maneno yake yaingie katikati, la sivyo anameza vumbi. Siku nzima alikuwa anatunga mistari ya urefu huo.

Alipotaka kurekodi, hakutaka mdundo wa kinanda kama wenzake. Tulipanda lori hadi Matembwe tukiwa na redio kaseti yangu na betri sita mpya, tukarekodi msumeno ukifanya kazi, asubuhi nzima, mpaka wapasuaji wakatuuliza kama tumetumwa na serikali. Fundi wa kile chumba cha uani aliukata ule mlio akaurudia rudia, akaongeza ngoma moja nzito chini yake, basi. Nyimbo zote nane zimesimama juu ya msumeno ule. Ukisikiliza kwa makini, kuna mahali mpasuaji wa juu anaguna, na rafiki yangu anautumia ule mguno kama kituo cha mstari.

Na alichana juu ya mambo ambayo hakuna aliyekuwa anayachana. Wengine wote walikuwa wanajisifu kwa magari ambayo hawajawahi kuyapanda. Yeye alichana juu ya jalidi iliyounguza viazi vya mama yake kwa usiku mmoja. Alichana juu ya treni ya Zambia inayopita hapa Makambako na watu wanaoipungia mkono bila kujua wanampungia nani. Alichana juu ya nyumba za Makete zilizobaki na bibi na wajukuu tu, hakuna mtu wa katikati, na kwenye wimbo ule hakutaja ugonjwa wowote, alitaja tu vitu vilivyomo ndani ya nyumba: koti la baba msumarini, viatu vya mama chini ya kitanda. Ulanzi, pombe ya mianzi, aliuweka, baridi aliiweka, Kibena alikichomeka pale Kiswahili kilipomwishia, bila kuomba radhi. Wimbo wa pili wa upande wa pili ndio ule wa mtoto. Kliniki walikuwa wamemwambia shemeji, mke wake, kwamba atajifungua mwezi wa sita, na wimbo mzima baba anamwomba mtoto achelewe kidogo, asije wakati wa baridi.

Haikuuzika. Niseme wazi, haikuuzika kabisa. Tulizitengeneza kwa mikono yetu, mimi nikidurufu kutoka kwenye kaseti mama, ile ya kwanza kabisa, yeye akikaa kwenye benchi langu akivunja kwa msumari vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kila kaseti, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake. Maboksi yalijaa mpaka chini ya meza. Abiria wa mabasi waliomba kusikia, nikawawekea, wakasikiliza nusu dakika wakasema huyu anaimba kishamba, nipe ya Dar. Redio walituambia tuache kaseti, tukaacha, na sidhani kama kuna aliyeifungua. Mtu mmoja aliirudisha akilalamika kwamba ina kelele za msumeno.

Yeye hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika, kila siku, na hasira za mtu wa duka huwa zinaishia kwenye bidhaa. Nilianza kuyachukia yale maboksi.

Kukohoa alianza wakati tunarekodi, tukasema ni unga wa mbao. Mwezi wa tatu akalazwa hospitali ya Ilembula. Nilikwenda kumwona kila Jumamosi, na kila Jumamosi, baada ya salamu na habari za nyumbani, aliuliza swali moja.

"Zinatoka?"

"Zinatoka," nilikuwa nasema. "Kidogo kidogo."

Kisha Pasaka ikakaribia. Kwaya ya parokia moja karibu na Kifanya ilikuwa imerekodi nyimbo zake za Pasaka, na katekista wao akaniletea kaseti mama yao, akitaka nakala nyingi kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwaya ilikuwa haina mchezo. Kila familia ya misheni ingenunua, na waliohamia mbali wangetumiwa. Nikaenda kutafuta kaseti tupu, nikakuta mji mzima hauna. Mwenye duka la jumla alisema mzigo uko njiani, na mzigo wa wakati ule uliweza kuwa njiani mpaka Pentekoste.

Chini ya meza yangu kulikuwa na maboksi ya kaseti nzuri kabisa, nzima, ambazo hakuna aliyezitaka.

Niliwaza hivi, na nilidhani nimewaza vizuri: nirekodi kwaya juu yake, Pasaka ipite, mzigo wa kaseti tupu ufike, kisha nirudufu albamu upya kutoka kwenye kaseti mama. Hakuna kitakachopotea. Vile vijino alivyovivunja rafiki yangu havikuwa kikwazo kwa mtu wa kazi yangu, unakunja kipande cha karatasi unaziba tundu, mashine inarekodi kama kawaida. Nilikunja karatasi siku mbili. Nakumbuka nilitumia daftari la zamani la hesabu.

Kosa lilikuwa kwenye beseni. Stika za albamu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi ya uji wa ngano, kwa hiyo niliziloanisha kwa kitambaa cha maji ya moto juu ya beseni nikazibandua moja moja, ili nibandike stika za kwaya. Kaseti mama niliijua kwa stika yake tu, niliandika neno MAMA kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeiweka pembeni ya meza, mtu akaja kununua betri, nikaisogeza, na nilipoendelea niliiokota nikiwa namtazama mteja. Kitambaa cha moto, stika ikatoka. Baada ya hapo ilikuwa kaseti kama nyingine.

Sikujua. Jumamosi iliyofuata rafiki yangu aliniuliza tena swali lake. Alikuwa amepungua sana, shati lilikuwa linamzidi mabega.

Nikamwambia, "Zimebaki chache sana."

Alifumba macho akatabasamu. Akasema nilikuambia, watu wetu wanachelewa kuelewa, lakini wakielewa wameelewa. Akaniambia nitengeneze nyingine. Nikasema nitatengeneza, na siku ile kwa kweli nilikuwa na nia hiyo.

Wiki moja baada ya Pasaka mzigo ukafika. Nilifungua fremu mapema nikiwa na furaha, nikachukua kaseti iliyobaki pembeni ya meza bila stika, nikaamini ndiyo mama na stika yake imedondoka, nikaitia kwenye mashine, nikabonyeza. Soprano wakaingia. Nikageuza upande wa pili. Kwaya. Nikachukua zote zilizobaki dukani, nikazipitisha moja moja mpaka mchana, na kila moja ilisherehekea ufufuko. Nilikimbia mpaka kile chumba cha uani, nikakuta fundi ameshahamia Mbeya, na kompyuta ameiuza kwa mtu wa stationari ambaye alikuwa ameshaisafisha ili aandikie barua za watu.

Rafiki yangu alifariki mwezi wa tano. Sikumwambia. Kwenye mazishi, shemeji akiwa na tumbo kubwa, watu walisema angalau ameacha kazi yake, na wakanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni huzuni, na ilikuwa huzuni, lakini si ile tu.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa baada ya binti kuondoka dukani. Chache zilizouzwa kabla ya Pasaka nilizitafuta miaka ile ile nikakata tamaa, zilikuwa zimeishia kwenye malori na vilabu vya pombe. Lakini safari hii jambo moja likanijia, ambalo nashangaa sikuliwaza kwa miaka ishirini na kitu. Albamu ilikuwa ndefu kuliko kwaya. Mimi nilikuwa nazima mashine kwaya inapokwisha. Maana yake kila kaseti ya Pasaka niliyoitengeneza ilikuwa na mkia, dakika tatu au nne za mwisho wa kila upande, ambazo sikuzigusa. Wimbo wa mtoto haukuwa kwenye mkia, hilo nililijua. Ila sauti yake ingekuwepo.

Nilifunga duka siku tatu nikaenda Kifanya na redio kaseti begani. Watu walinicheka. Kaseti, mzee? Nyumba ya kwanza walikuwa wameshatupa. Ya pili walinionyesha kasha tupu, wamehifadhia sindano za kushonea. Ya tatu mwenyeji alinitoa nje akanionyesha shamba lake dogo la ngano, na juu ya ngano, kutoka mti hadi mti, utepe wa kahawia ulikuwa umekazwa, unametameta na kulia kwenye upepo ili kufukuza ndege.

"Inafaa sana," alisema. "Ndege hawasogei."

Niliushika ule utepe kwa vidole viwili. Ulikuwa umepauka, unakatika ukiuvuta. Nikamuuliza ulikuwa wa kaseti gani, akasema zile za kwaya za zamani, zilikuwa mbili. Nilimshukuru nikaondoka, na njiani nilikaa kwenye kisiki cha msindano kwa muda mrefu kuliko niliohitaji kupumzika.

Siku ya tatu, nyuma ya misheni, nilimkuta bibi mmoja mjane anapukuchua mahindi barazani. Kamwene, nikamsalimia, naye akaitikia kamwene, akanipa kigoda. Nilipoeleza ninachotafuta alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Stika ilikuwa yangu. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Hii mimi nasikiliza kila Pasaka," alisema. "Mume wangu yumo, ndiye besi. Yule anayeshuka chini sana, ndiye yeye. Alikufa mwaka ule wa mvua nyingi."

Nikamuuliza, "Bibi, mwishoni, kwaya ikiisha, kuna kitu?"

"Kuna kijana anasali haraka haraka," alisema. "Upande wa kwanza ni mashine tu inakwaruza na yeye anasema kidogo. Upande wa pili ndiyo anasali. Mwanzoni nilidhani ni shetani ameingia kwenye kaseti. Baadaye nikazoea. Nikiwa napukuchua siwezi kunyanyuka kuzima, basi namwacha amalize." Na bila kuacha kazi yake, yule bibi wa Kifanya aliye na rozari shingoni akanichania mistari minne ya mwisho ya albamu, kwa mapigo sahihi, akivuta pumzi pale pale msumeno unapovuta.

Nililia. Sikuona aibu, nililia pale kigodani huku mahindi yakiendelea kudondoka kwenye ungo. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia kaseti ataniazima tu, hanipi, na niirudishe yeye akiwa hai kwa sababu hana picha ya mume wake, ana besi tu. Nikamwahidi. Hasira yote niliyokuwa nayo na kwaya ile kwa miaka hiyo ilikosa pa kukaa.

Jumapili nikaenda Njombe. Shemeji anaishi nyumba ya vyumba viwili upande wa kupandia hospitali, na mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha. Binti alikuwa ameketi kwenye mkeka, mama yake kwenye kiti karibu na jiko la mkaa. Walikuwa wamenipikia kabisa, walinipikia kuku kama mgeni wa heshima. Nikasema tusikilize kwanza.

Nilikuwa nimeshaisogeza kaseti mpaka mwisho wa kwaya. Nikabonyeza. Alleluia ya mwisho ikaisha, ukasikika mkwaruzo, na kisha msumeno, na kisha yeye. Sauti kavu, ya kutoka kifuani, haina haraka japo maneno yana haraka. Nusu ya ubeti, kiitikio mara moja, halafu salamu: kwa watu wa Matembwe, kwa wapasuaji wote walio juu ya gogo na walio chini, kwa mama yake, na kwangu mimi, akanitaja jina kamili, akasema huyu ndiye mlinzi wa kaseti zetu. Akakohoa. Ikakatika.

Binti alikuwa ameweka viganja mashavuni. "Ndivyo alivyokuwa anaongea?" akamuuliza mama yake.

"Ndivyo," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini siyo huu. Ule wa tumboni uko wapi?"

Nikasema kilichotokea, kuanzia maboksi mpaka beseni, mpaka lile jibu nililompa hospitalini. Nilisema nikitazama jiko. Nilipofika kwenye "zimebaki chache sana" shemeji alinyanyuka, akatoka nje, akaanza kuanua nguo kwenye kamba, nguo ambazo zilikuwa bado mbichi kwa ukungu ule. Tulimsikia akizikung'uta moja moja. Hakurudi ndani kwa muda mrefu.

Binti hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliniuliza, "Kwa hiyo alikufa anajua imeuzika?"

"Ndiyo."

"Na ule wimbo wangu hauko popote."

"Hauko popote, mwanangu. Labda hapa," nikagusa kichwa, na papo hapo nikajuta.

Alichukua simu yake, akafungua sehemu ya kuandikia, akasogea mkekani mpaka karibu na magoti yangu. Akasema kama kipande kipo kichwani kwangu basi nikitoe, nasaha zitasomwa kwa mdomo, atazisoma mwenyewe mbele ya watu. "Sema polepole. Naandika."

Mistari miwili ya kwanza niliijua. Nilikuwepo alipoitunga, kwenye benchi langu, akivunja vijino vya plastiki. Nikasema:

"Mgeni uliye njiani, bado sijakuona sura,
usifike mwezi wa sita, hapa baridi ina hasira."

Aliandika. Akaisoma upya kwa midomo bila sauti, na akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Nimezaliwa mwezi wa sita," akasema.

"Najua."

"Endelea."

Nilifumba macho. Msumeno niliusikia vizuri, ukishuka na kupanda, na nikamwona yeye akivuta pumzi aingie. Halafu ikaja soprano, ikaja alto, na yule mzee wa besi akashuka chini kabisa, kila neno mahali pake. Dakika zile zile, nazijua zote, niliziweka mwenyewe, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Endelea, baba mdogo," alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya simu.

Nikamwambia hapo ndipo kwaya inapoingia.